Usiguse Dawa Mpaka Nirudi

Huku kwetu Mtoni Kijichi ukitaja mnazi, watu wanafikiria tui la wali na fagio la njiti. Mie nafikiria mbao. Mwaka wa tisa huu nachovya dawa mbao za mnazi kwenye uwanja wa nyuma ya nyumba yangu, na kabla ya ile chekechea ya mwalimu hakuna mtu aliyewahi kunirudishia hata papi moja. Nalisema hilo mapema kwa sababu najua yanayosemwa pale gengeni nikipita, na mie sipendi kusemewa. Nitasema mwenyewe.

Naitwa Margareta, Mmakonde wa Newala, mjane. Mtoto ninaye mmoja, Hope, kaolewa Dodoma. Hasira ninazo, sikatai, mama yetu alikuwa nazo na bibi alikuwa nazo. Aliyenyimwa ni mdogo wangu Valerian. Huyo nilimlea tangu ana miaka sita, mama alipofariki. Nilimleta Dar ana kaptula moja na kandambili mbili zisizofanana. Nikamsomesha mpaka la saba, nikamtafutia fundi wa kumfundisha kupasua mbao, nikamwoza mke, Anna. Watu walikuwa wakidhani ni mwanangu wa kumzaa, na mie sikuwa nawasahihisha. Sikuwa na kitu kikubwa kuliko Valerian, na sasa hivi akiniona upande huu wa barabara anavuka kwenda ule. Basi, hiyo ndo habari yenyewe.

Minazi ya huku ilipandwa na mababu wa watu. Mingi imezeeka, haizai, imebaki mirefu tu inatishia mabati ya majirani. Wenye mashamba wanakata viwanja, wanataka minazi itoke haraka, na zamani ilikuwa ikishaangushwa inaachwa ioze hapo hapo. Valerian alipopata msumeno wa injini wa mtumba tukaanza kuipasua. Mnazi si kama paina. Mbao yake nzuri iko nje, karibu na gome, nyeusinyeusi, ngumu mpaka mnyororo wa msumeno unatoa cheche. Ukiingia katikati ni laini, unaweza kuichota kwa kijiko. Kwa hiyo mpasuaji lazima ajue aanzie wapi na aachie wapi. Valerian alikuwa anapiga mstari kwa uzi uliopakwa masizi ya betri kuukuu, anafumba jicho moja, anatazama kidogo, halafu anapasua. Ungeapa imetoka kiwandani.

Sehemu yangu ilikuwa dawa, maana mbao ya mnazi bila dawa ni chakula cha mchwa na bungua. Nilikwenda mafunzo ya wiki mbili, watu ishirini, mwanamke mie peke yangu. Wanaume wakaniuliza, "Mama, umekuja kupika?" Nikawaambia, "Nimekuja kuwapika nyie." Nikatoka pale najua kitu ambacho mafundi wengi mpaka leo hawakijui, kwamba mbao ya dawa hii inachovywa ikiwa mbichi. Siku ile ile ilipopasuliwa, inachuruzika maji. Dawa inatembea kwenye yale maji yaliyomo ndani ya mbao. Unayeyusha unga mweupe kwenye maji ya moto, unachovya mbao kwenye tangi, unazipanga kwa kuzibananisha, unazifunga nailoni nzito zisikauke, unaziacha mwezi mzima. Dawa inaingia pole pole mpaka ndani kabisa. Ukichovya mbao iliyokauka, dawa inabaki juu ya ngozi. Kwa nje utaona weupe utafurahi, kumbe ndani hamna kitu.

Na kupima dawa nilipima mie tu. Mwaka wa kwanza Valerian alikosea vipimo akazidisha maji, nikamwaga tangi zima mbele yake, na tangu siku ile nikampiga marufuku. Apasue, achovye, abebe, apange. Unga asiguse. Mzee Fakihi, jirani yetu ambaye minazi ya mwanzo ilikuwa yake, alikuwa ananiambia, "Margareta, huyu mtu mzima, ana mke ndani." Namjibu, "Shikamoo mzee, kahawa yako inapoa." Ndivyo nilivyokuwa, na sidhani kama nimebadilika sana.

Mwalimu Benedicta alikuja mwishoni mwa mwaka juzi. Mama wa Kihaya, kastaafu ualimu, anajenga chekechea ya madarasa mawili mtaa wa pili kutoka kwangu. Alitaka mbao za paa zote, kenchi za kubeba paa na papi za kupigiliwa bati. Akaingia uwanjani na viatu vyake vya kanisani, akaigusa mbao mbichi kwa kidole kimoja, akakunja uso.

"Mama Hope, mbao mbichi kwetu hatujengei. Itapinda."

"Mwalimu, hii haiji kwako mbichi," nikamwambia. "Inakaa kwenye nailoni mwezi, halafu inakauka kivulini. Itakufikia kavu na dawa imo."

"Lakini kavu?"

"Kavu, mwalimu."

Akakubali. Nikamwambia Valerian hii ni kazi ya watoto wadogo, watakaa chini ya hilo paa kila siku, hapa hatutaki masihara. Akasema, "Dada, mie lini nimefanya masihara?" Na kweli, hakuwahi.

Akaangusha minazi kumi na mmoja. Alimaliza kupasua siku ya Alhamisi, mwezi wa kwanza, lile jua la mwezi wa kwanza mnalijua. Mie hata maji ya dawa sijainjika, simu ikapigwa kutoka Newala. Mama mdogo amefariki. Huyo ndo alikuwa amebaki peke yake wa upande wa mama. Nikatupa kanga mbili kwenye begi, kesho yake alfajiri nikawa ndani ya basi. Nikiwa njiani Valerian akanitumia ujumbe wa sauti kwa WhatsApp, na mie nikamjibu kwa sauti. Kwamba nilimjibu nilikuwa nakumbuka. Nilichomjibu sikukikumbuka kabisa, kichwa kilikuwa msibani.

Nilidhani nitakaa siku tatu. Nilikaa kumi na mbili. Ukishazika kuna nguo za marehemu, kuna shamba la mikorosho, kuna binamu asiyejulikana katokea wapi anadai godoro. Simu niliizima, maana kila aliyepiga alitaka kitu. Niliporudi Kijichi nikakuta mbao zimechovywa, zimebananishwa, zimefungwa nailoni vizuri kabisa. Nikafunua pembeni nikaona weupe.

"Afadhali safari hii umetumia akili," nikamwambia.

"Dada, kuna kitu nataka nikwambie kuhusu hizi mbao."

"Niache nioge kwanza, nina vumbi la Newala nzima."

Nikaoga, nikalala, na asubuhi yake hakusema tena. Mie sikuuliza. Tungeweza hata kupima, kwa sababu kipimo tunacho, tulifundishwa kule kule mafunzoni. Unachukua manjano ya jikoni, unakoroga na spiriti na tone la tindikali, unakata mbao katikati, unapaka. Palipofika dawa manjano yanageuka mekundu. Pasipofika yanabaki njano vilevile. Mzigo wangu wote huwaga naupima. Ule sikuupima, kwa sababu siku ya kufungua nailoni mwalimu alishakuja ana haraka ya kuwahi mvua, anataka kuhakikishiwa tarehe, na mie nikajisemea nimefanya kazi hii miaka mingapi.

Paa likapanda. Likapendeza. Padri akaja kubariki, tukala pilau.

Mwezi wa kumi mwalimu akanipigia simu. Sauti imenyooka, kama anaita majina darasani. "Mama Hope, naomba uje na fundi wako." Tukaenda mie na Valerian, saa sita mchana, wazazi ndo wanachukua watoto. Mwalimu akanionyesha meza. Juu ya meza kulikuwa na unga, laini, wa rangi ya kahawia, na juu ya madaftari, na kwenye nywele za kabinti kamoja kalikosuka mabutu. Nikainua macho kwenye kenchi. Vitundu vidogo vidogo, vimejaa. Mbao imebunguliwa.

Nikamwambia Valerian apande akate kipande cha papi kwenye ncha iliyozidi ukuta. Akapanda, akakata, akashuka nacho. Chupa ya manjano nilikuwa nayo mkobani, nikapaka pale pale mbele ya watu, kwa sababu nilikuwa na uhakika yatageuka mekundu na nitawaonyesha hawa wazazi kwamba tatizo si langu. Tukasubiri. Pembeni, kwenye ngozi ya mbao, kukatokea mstari mwekundu mwembamba. Katikati kote njano.

Hapo ndo nilipotakiwa kufikiri. Mtu niliyesomea hii kazi, niliyekuwa nawatambia wanaume kwamba wao hawajui, ningetazama ule mstari ningejua mara moja kwamba dawa imepigwa kwenye mbao iliyokauka. Mtoto wa mafunzo angejua. Lakini mie sikufikiri. Nilisikia wazazi wananong'ona nyuma yangu, na nilichotaka ni mtu wa kumtupia.

"Valerian."

"Naam, dada."

"Dawa iko wapi?"

"Dawa nilichovya, dada. Mbao zote."

"Nakuuliza dawa iko wapi! Hii imelambishwa tu!"

"Dada, si wewe ulinituma sauti uka..."

"Mie nini? Mie nilikuwa nazika! Wewe umebaki na dawa yangu umewauzia watu wakaulie mende, halafu hizi ukazipitisha kwenye maji. Nakujua, Valerian! Mwizi we! Nimelea mwizi!"

Kwa wasiojua, ule unga wetu unaua mende vizuri sana, na watu wanautafuta. Kwa hiyo neno langu likaingia kwenye vichwa vya watu bila kupata shida yoyote. Na hapa mjini neno mwizi huliachii tu mdomoni ovyo. Baba mmoja akacheka. Mama mwingine akamvuta mtoto wake karibu na sketi. Mwalimu Benedicta akasema, "Ala, kumbe." Valerian alikuwa bado ameshika kile kipande cha papi. Akakiweka juu ya meza ya watoto, taratibu, akasema, "Sawa, dada," akatoka.

Kesho yake asubuhi alikuja kuchukua msumeno wake. Hakuingia ndani. Anna alikuwa naye, wifi yangu ambaye kila Jumapili tunakula sahani moja, akasimama getini amefunga mikono. Nikamwambia Anna, "Usininunie mie, mnunie mumeo." Akasema, "Wifi, Mungu anakuona." Nikamjibu maneno ambayo siyaandiki. Nikafunga geti kwa nguvu mpaka komeo likatoka.

Nikawahadithia watu wote. Muuza genge, mama wa chapati, kwaya. Kila nikihadithia nikawa naongeza kidogo. Mara alishawahi kuiba utotoni, mara nilikuwa namshuku siku nyingi. Uongo mtupu. Valerian utotoni akiokota shilingi alikuwa anazunguka nyumba kwa nyumba kuulizia mwenyewe. Lakini hadithi inakuwa tamu watu wakikupa pole, na mie nilipewa pole nyingi. Nikaajiri wapasuaji wengine wawili. Wanapasua mbao unene huku wembamba huku, moyo wa mnazi wanauchanganya humo humo. Nikawa nawagombeza kutwa, nikienda kulala nimechoka sauti.

Mzee Fakihi hakuwepo miezi ile, alikuwa Kilwa kwa mwanawe anatibiwa macho. Aliporudi nikamkuta barazani kwake baada ya swala ya alasiri, nikamwamkia, nikaanza kumpa habari zangu kama nilivyowapa wengine. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nani mwizi?" akauliza.

"Valerian, mzee."

"Zile mbao za mwalimu?"

"Ndizo."

"Zile nilimshikia mimi upande wa pili wakati anachovya," akasema. "Zote. Moja moja. Nilipata maumivu ya kiuno wiki nzima."

Nikamwambia labda dawa ilikuwa nyepesi. Akaniambia alimwona Valerian akipima kwa kile kikopo changu mara tatu tatu, kila mara anageuka kutazama njia, kwa sababu alikuwa anachovya bila ruhusa yangu.

"Siku hiyo mbao zina siku kumi juani, Margareta. Kila asubuhi kijana anakuja hapa kwangu, mzee zinakauka, mzee zinakauka, dada kasema nisiguse. Nikamwambia mpigie. Akasema simu haipatikani. Nikamwambia chovya basi. Akasema simwezi dada. Siku ya kumi akaona heri agombezwe kuliko zioze."

"Mie sikusema asiguse."

"Nilisikia sauti yako mwenyewe kwenye simu yake. Hapa hapa nilipokaa."

Nikanyanyuka pale nimewaka. Nikamwambia mzee, macho umetibiwa, sasa ukatibiwe na masikio. Mzee wa watu, ningeweza kumwita baba. Nikaenda nyumbani nikachukua simu niipekue nimrudishie ushahidi, aone aibu. Nikapandisha ujumbe mpaka mwezi wa kwanza. Ukawepo.

Wa Valerian ulikuwa umetulia. "Dada, pole na safari. Nimeshamaliza kupasua. Nichemshe maji nichovye leo leo? Maana zisije zikakauka."

Halafu wa kwangu. Injini ya basi inaunguruma, na mie napaza sauti juu yake. "Valerian wewe, usiguse dawa! Usiguse dawa mpaka nirudi! Wewe kupima hujui, utaniharibia mzigo wa mwalimu wa watu. Zianike tu hapo, mwenyewe si anataka kavu? Nimeshakwambia, usiguse!"

Chini ya huo kulikuwa na sauti nyingine nne za kwake, za siku zilizofuata. Zote zilikuwa hazijafunguliwa. Nikazifungua moja moja. Dada, jua kali. Dada, zimeanza kupasuka vichwa. Dada, niruhusu tu, nitapima kama unavyopimaga. Kwenye ujumbe wa mwisho alisema, "Dada, nimechovya leo, najua utagomba, ila sidhani kama itaingia. Ukirudi tuzipime kabla hatujampa mwalimu." Nilikaa kwenye kigoda cha jikoni nikausikiliza ule wa mwisho mpaka chaji ikaisha. Nililia, ndiyo, nililia, lakini nisijipambe, nusu ya kilio ilikuwa ya kujiuliza watu watasemaje.

Nilikaa wiki mbili bila kumfuata. Kila siku nikapata sababu. Siku moja mafua, siku moja mvua. Mwishowe nikaenda Mbagala, kwenye tanuri moja la mikate, nilikoambiwa anafanya kazi. Nikamkuta anakata magogo ya minazi kuwa kuni. Jamani. Mkono ule uliokuwa unapasua ubao ulionyooka kama rula, unakatakata mnazi wa kuchoma mikate. Aliponiona akazima msumeno.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Valerian, mie nimekosea."

Hayo maneno sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata marehemu mume wangu. Nikamwambia nimesikiliza ile sauti. Nikamwambia ni mie niliyekataza, mie sikufungua ujumbe, mie sikupima. Alikuwa anafuta jasho na nyuma ya mkono na anatazama chini.

"Nashukuru umekuja, dada," akasema. "Mie nilishakusamehe siku ile ile. Ila mtaani naitwa mwizi. Kazi zangu nne nimenyimwa, mtu ananikubalia leo, kesho anasema ameambiwa. Anna gengeni wanamfichia vitu. Hayo si ya humu ndani kati yangu na wewe."

"Unataka nifanyeje?"

"Ulinisema mbele ya watu. Nisafishe mbele ya watu. Hao hao. Basi, yaishe, kesho yake nakuja na msumeno wangu tunaanza kazi."

Kidogo tu hicho. Nikamwambia, "Hilo tu, mdogo wangu? Jumamosi mwalimu ana kikao cha wazazi, njoo." Nikaondoka mwepesi kabisa. Nikampigia mwalimu nikamwambia paa lote nitalibadilisha kwa mbao zangu mpya, bure, na ninaomba dakika tano za kuzungumza kwenye kikao. Nyumbani nikayafanyia mazoezi maneno yangu mbele ya kioo cha kabati. Kosa ni langu, Valerian hakuiba, nilimkataza kuchovya, yeye ndiye alijaribu kuokoa. Maneno machache, mtoto wa chekechea angeyasema.

Jumamosi saa nne asubuhi wazazi walikuwa wamekaa kwenye vile viti vya watoto, magoti juu. Mzee Fakihi alikaa mlangoni na miwani yake mipya. Valerian alikuja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo inasimama, Anna pembeni yake na kitenge kipya. Walikaa mbele. Anna alinitazama akatabasamu kidogo, tangu siku ya geti ndo mara ya kwanza, nikajua mumewe kamwambia nitasema nini.

Mwalimu Benedicta akasimama kunikaribisha. Laiti angesema tu, karibu Mama Hope. Lakini akasema, "Wazazi, kabla hajaongea, naomba tumpongeze huyu mama. Paa limeharibiwa na mtu mwingine, yeye anakuja kulijenga upya kwa jasho lake. Wangapi wangefanya hivyo? Wengi wangebadilisha namba ya simu. Mama Hope ni mwaminifu, na watoto wetu wajifunze kwake." Wazazi wakapiga makofi. Yule mama aliyemvuta mtoto kwenye sketi alikuwa anapiga kuliko wote.

Nikasimama. Makofi hayajaisha. Nikawatazama wale watu wote wananitazama kwa uso mzuri, uso ambao tangu nihamie Dar hakuna aliyewahi kunitazamia mie, mjane wa Newala mwenye mdomo mchafu na nguo za dawa. Nikamtazama Valerian. Alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti. Nikafungua mdomo na maneno yangu yote niliyoyapanga yalikuwepo, naapa yalikuwepo, sikuyasahau hata moja.

"Wazazi wenzangu," nikasema, "yaliyotokea yametokea. Sie wote binadamu. Huyu ni mdogo wangu, nimemlea mie, sina mwingine. Leo nimesimama hapa mbele yenu kusema kwamba," nikawageukia wazazi, "nimemsamehe."

Vigelegele. Mtu akasema, "Huo ndo ukristo!" Mwingine akasema, "Mama ana roho, huyu." Mzee Fakihi alivua miwani akainamisha kichwa. Anna alifumba macho. Mie bado nilikuwa nimesimama na bado ningeweza kusema, dakika zangu tano zilikuwa hazijaisha, hakuna aliyenikalisha. Sikusema. Nilitabasamu.

"Valerian!" mwalimu akaita kwa furaha, kama anavyowaita watoto. "Njoo umshike dada yako mkono!"

Watu wakaanza kumhimiza, nenda, nenda baba, mshukuru. Asiponyanyuka ataonekana vipi? Mwizi tena mwenye kiburi. Akanyanyuka. Akatembea kati ya vile viti vidogo mpaka mbele yangu, akanyoosha mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko chake, kama nilivyomfundisha kuwasalimia wakubwa.

"Asante kwa kunisamehe, dada," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma.

Na mie nikaupokea mkono wake, nikamwambia, "Usirudie tena."